Wino Mwekundu Tusiousoma

Nje ya ofisi ya mhadhiri wetu mmoja kuna boksi ambalo zamani lilikuwa la sabuni. Kila muhula hujaa insha zetu zilizosahihishwa, na kila muhula mambo huwa yaleyale. Insha zikiwekwa asubuhi, ifikapo saa sita mlango wote umezibwa na watu wanaochakura. Kila mmoja anatafuta jina lake, anatazama namba iliyo juu ya jalada, anaipiga picha kwa simu kama ni namba ya kujivunia, kisha anairudisha insha ndani ya boksi na kwenda zake. Wiki mbili baadaye boksi bado limejaa. Muhula uliopita nilinunua roleksi, ile chapati yetu ya mayai, karibu na lango la chuo, nikakuta imefungwa kwa ukurasa wa tatu wa insha ya mwenzetu. Pembeni mwa aya ya mwisho, kwa wino mwekundu, palikuwa na swali zuri sana kuhusu taswira. Mwenye insha hakulisoma. Nililisoma mimi, na mafuta yakiwa yamelifikia nusu.

Ninaandika kuwashutumu wanafunzi wenzangu wa Kiswahili katika vyuo vya Uganda, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Tunalalamika usiku na mchana kwamba hatufundishwi. Wahadhiri wanakuja wamechelewa, madarasa yamejaa, vitabu havitoshi maktabani. Yote hayo ni kweli. Lakini mahali pekee ambapo mhadhiri anakaa na mimi peke yangu, akatazama sentensi yangu mimi na si ya jirani yangu, ni pembeni mwa insha yangu. Karo tunayoilipa kwa kuuza mbuzi wa nyumbani inanunua mambo mengi, na hilo ndilo la thamani kuliko yote. Nalo tunaliacha ndani ya boksi la sabuni.

Kuna wanaosema, "Mimi huwa nachukua insha yangu na kuyasoma maoni." Hongera, lakini hata hao nawashutumu. Maoni ya mhadhiri hayamfundishi mtu aliyeyasoma. Yanamfundisha mtu aliyeyasoma akakaa chini, akaandika tena. Kama hukuandika tena, umepewa habari tu. Najua kwa sababu nilipewa habari hiyo nikakaa nayo mwaka mzima, na gharama yake haikulipwa na mimi.

Mwishoni mwa mwaka wa pili nilipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari. Nilipewa kidato cha pili, wanafunzi 72. Siku ya tatu niliandika ubaoni kifungu cha ufahamu nilichokitunga mwenyewe, na katika sentensi ya kwanza niliandika "jambo ambayo". Watoto wakanakili. Nikawapa zoezi la kutunga sentensi tano kwa kufuata mfano wangu. Wakatunga: jambo ambayo, gari ambayo, tunda ambayo. Nikakusanya madaftari, nikasahihisha hadi usiku, nikatia vema kila mahali. Juma lililofuata mwalimu wa Kiswahili wa shule ile, mama mtu mzima aliyefundisha miaka mingi, aliniita pembeni. Hakunigombeza mbele ya watu. Alifungua madaftari manne juu ya meza akaniambia, "Mwalimu, watoto hawa wote wamekosea mahali pamoja. Watoto 72 hawawezi kukosea pamoja bila kufundishwa."

Niliporudi chuoni niliitafuta insha yangu ya mwaka wa kwanza. Nilikuwa nayo, maana nilipata 71, na insha ya 71 haitupwi. Ilikuwa chini ya godoro pamoja na stakabadhi za karo. Nikaifungua. "Ambayo" ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu mara sita. Mara ya kwanza mhadhiri alikuwa ameandika pembeni neno moja: "Ngeli?" Mara zilizofuata alizungusha tu, kama mtu aliyechoka kubisha hodi. Kumbukumbu yangu ilikuwa imeihifadhi ile namba 71 vizuri kabisa. Ile alama ya kuuliza niliiona siku ileile, nakumbuka, nikadhani ananiuliza kama nimewahi kuzisikia ngeli. Nikajijibu kwamba nimezisikia.

Jambo lenyewe ni dogo. "Jambo" liko katika ngeli ya LI-YA: jambo ambalo, mambo ambayo. Sikio langu lilikuwa limezoea "mambo ambayo", tena limezoea "nyumba ambayo" na "miti ambayo", basi likaamua kwamba "ambayo" ni neno moja lisilobadilika, linalofaa popote. Kulirekebisha kungenichukua nusu saa: kuandika upya zile sentensi sita, kisha kutunga nyingine sita kwa majina mengine ya ngeli ileile. Nusu saa ambayo sikuitoa ikaingia katika vichwa 72.

Mtu atasema ninakuza mambo, kwamba "ambayo" haiui mtu. Basi tutazame nchi yetu ilipo. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi wa umri wa wazazi wetu lugha hii ikabaki na harufu ya kambi na kizuizi cha barabarani. Bibi yangu hadi leo akisikia Kiswahili nyuma yake hugeuka kutazama kama kuna askari. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ukakiweka kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sasa jiulize walimu wanatoka wapi. Hawatashuka kutoka Unguja. Ni sisi, tulio mbele ya lile boksi tukipiga picha namba. Mtoto wa Mbarara au wa Gulu ambaye nyumbani hakuna anayesema Kiswahili hana mahali pengine pa kukisikia. Jirani yake hawezi kumsahihisha, redio anayoisikiliza ni ya Runyankole au ya Kiacholi. Nikimwandikia "jambo ambayo", kwake hicho ndicho Kiswahili. Mtoto wa Tanga akifundishwa vibaya darasani, barabara itamfundisha vizuri. Wetu hana barabara hiyo.

Kwa hiyo nazungumza kwanza juu ya yale maduara mekundu ya lugha, ambayo wengi wetu huyaona kama matusi. Mtu anapata insha yenye maduara 40 anakata tamaa. "Huyu ananichukia." Lakini yahesabu kwa makini. Mimi ni Mganda, na katika maandishi ya Luganda herufi r hufuata e na i, na penginepo huandikwa l. Mkono wangu umeizoea sheria hiyo tangu darasa la kwanza, kwa hiyo ukiachwa peke yake huandika "habali" na "balabala", na "milango" huifanya "mirango". Katika insha moja nilikuwa na maduara 14 ya namna hiyo. Nilipoyapanga katika safu moja nikaona kwamba sikuwa na makosa 14. Nilikuwa na kosa moja, nalo lina sababu, na sababu hiyo si ujinga. Ni lugha ya mama yangu inayotaka kunisaidia mahali isipoalikwa. Mwenzangu mmoja anayesema Kilango ana shida nyingine kabisa. R na l hazimsumbui hata kidogo, ila lugha yake haina ngeli za namna ya Kibantu, na ukimwacha huandika "kitabu yangu" na "watu yote". Mhadhiri hutuandikia sote wawili neno lilelile, "Sarufi!", kwa sababu ana insha nyingine 199 zinazomsubiri. Kujua kwamba "Sarufi!" yangu si "Sarufi!" ya mwenzangu ni kazi yangu. Hakuna mhadhiri atakayenifanyia, wala haitaki akili nyingi. Inataka daftari, kalamu na uvumilivu wa kupanga makosa yako safu kwa safu hadi uone yanakotoka. Kisha unaandika tena sentensi zenyewe, nzima, si kutia herufi moja juu ya nyingine.

Hata hivyo lugha ndiyo sehemu rahisi. Maoni yanayotuuma na ambayo tunayakimbia zaidi ni yale yanayogusa fikra. Mwaka wa pili tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji. Swali lilikuwa juu ya nafasi ya maji. Niliandika kurasa tano. Nilieleza jinsi Kinjeketile anavyopagawa, anavyoingia mtoni na kutoka na maji, jinsi watu wanavyoamini, jinsi vita vinavyokuja na watu wanavyouawa. Sikukosea tukio hata moja. Mhadhiri akaandika chini: "Unasimulia. Kwa hiyo?"

Nilikasirika kwa siku tatu. "Kwa hiyo?" ni maoni gani? Nilikwenda kwa wenzangu, nao wakanipa faraja ile tunayopeana sote: huyo ndivyo alivyo, hapendi watu wa darasa letu. Faraja ya namna hiyo ni sumu, na tunainywesha kwa marafiki zetu kwa nia njema. Ile hadithi ya mazoezi ya kufundisha ilikuwa bado mbele yangu. Laiti ingekuwa imenipata tayari, ningefanya haraka zaidi. Nilichofanya hatimaye, zaidi kwa hasira kuliko kwa hekima, ni kuichukua aya yangu ya kwanza na kuandika "Kwa hiyo" mwishoni mwa kila sentensi, kisha kujaribu kuendelea.

Watu wanaamini kwamba maji yatazuia risasi. Kwa hiyo? Kwa hiyo wanakubali kupigana pamoja, watu ambao kabla ya hapo kila kabila lilibeba uonevu wake peke yake. Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka juu ya maji. Kwa hiyo? Kwa hiyo anajua kwamba kinachowaunganisha huenda si kweli, na kwamba kikivunjwa umoja nao utavunjika. Mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Kwa hiyo? Hapo nilikaa muda mrefu. Kwa hiyo hatetei maji tena. Anatetea haki ya watu wale kupigana, ili vizazi vitakavyofuata visiambiwe kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Niliandika aya moja tu kwa njia hiyo. Iliniwia vigumu kuliko zile kurasa tano, na ndiyo aya ya kwanza katika maisha yangu ya chuo iliyokuwa na wazo ambalo sikulinakili. Sikupata alama yoyote kwa aya ile. Muhula ulikuwa umekwisha. Naisema kwa sababu najua swali lenu linalofuata: "Itanipa alama ngapi?"

Swali hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Tukienda ofisini kwa mhadhiri, tunakwenda kubembeleza. "Shikamoo Mwalimu, naomba uniangalie, nimebakiza alama mbili tu." Nimesimama kwenye foleni ile mara nyingi na sijawahi kumsikia mtu aliyeingia na karatasi mbili, ya zamani na ya pili, akasema: "Mwalimu, hapa uliniandikia kwamba nasimulia. Nimejaribu hivi. Bado nasimulia?" Swali la namna hiyo linajibiwa kwa dakika tatu. Tena mhadhiri anayechoshwa na wabembelezaji kutwa nzima atafurahi kulisikia. Badala yake tunamwendea na njaa ya namba, halafu tunashangaa kwa nini anatuona kama kero.

Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa shule nchini Israel. Wengine walipewa alama tu, wengine maoni tu, na wengine alama na maoni pamoja. Waliopewa maoni bila alama ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika kama wao. Namba iliyameza maoni. Wale walikuwa watoto, lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya boksi letu la sabuni anajua kwamba watu wazima wenye vitambulisho vya chuo si tofauti. Mimi 71 yangu iliyameza maduara sita.

Sasa nawageukia wahadhiri wetu, maana sitaki wasome haya wakitabasamu. Najua hesabu yao. Insha 200 kwa dakika 15 kila moja ni saa 50, na hiyo ni kozi moja. Hakuna anayeweza kuwalaumu kwa kuandika kwa kifupi. Nawalaumu kwa mambo mawili mengine. La kwanza ni kurudisha insha baada ya mtihani. Insha inayorudi mtihani ukiwa umepita ni kama daktari anayeleta majibu ya vipimo matangani. Mhadhiri amefanya kazi ya saa 50 ambayo haiwezi kumsaidia mtu, na angetumia saa 25 kabla ya mtihani angetusaidia zaidi. La pili ni neno "Hafifu". Nimekutana nalo peke yake, chini ya kurasa sita, bila duara wala mstari popote. Ukiniambia nasimulia, naweza kuacha kusimulia. Ukiniambia hafifu, nifanye nini? Heri ukurasa mmoja uliosahihishwa kweli, na mwingine wote mweupe, kuliko sita zenye vema za kuteleza.

Kisha kuna jambo moja wangeweza kulifanya kesho bila fedha wala kikao cha seneti. Warudishe insha zikiwa na maoni bila namba. Namba ikae kwenye daftari lao. Anayeitaka alete aya moja aliyoiandika upya. Wiki ya kwanza tutawachukia. Nadhani mimi ningekuwa wa kwanza kunung'unika.

Siku hizi limeingia jambo jingine, na nitaligusa kwa haraka kwa sababu kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Wapo wenzetu ambao insha zao zinaandikwa na programu ya simu. Mwalimu anakesha akiisahihisha. Duara jekundu linaizunguka sentensi ambayo mwenye jina hakuitunga, wala hakuielewa. Maoni hayo yanakwenda kwa nani? Anayefanya hivyo ameikimbia aibu ya kukosea, ambayo ndiyo ada yetu halisi ya kujifunza lugha, na siku atakaposimama mbele ya ubao na chaki mkononi, simu itakuwa mfukoni.

Mwanzo wa muhula huu niliwaambia wenzangu darasani kwamba tuwe tunakutana Alhamisi jioni, kila mtu na insha yake iliyorudi, na aya moja aliyoiandika upya. Hakuna chai, hakuna kamati, hakuna mwenyekiti. Nilimwomba mhadhiri wetu mmoja, akakubali kuzipitia zile aya tu, si insha nzima, kabla ya Jumanne. Siku ya kwanza walikuja 11. Mmoja aliondoka katikati alipoona hatujadili maswali ya mtihani. Alhamisi iliyopita tulikuwa wanne: mimi, yule wa Kilango, na dada wawili wa mwaka wa kwanza ambao bado wanaogopa kusoma kwa sauti. Mmoja wao alikuwa na insha ya alama 48. Alikuwa ameiandika upya aya yake mara tatu, na ya tatu ilikuwa bora kuliko chochote nilichokiandika nikiwa mwaka wa kwanza. Boksi bado liko nje ya ofisi. Insha zilizobaki zitachomwa muhula ukiisha. Mfagizi ameniambia huwa anazitumia kuwashia takataka. Yako huenda imo.